Dakika Chache Bila Viatu: Kisa cha Hujaji Mwenye Kisukari

Kisa hiki ni cha mgonjwa tuliyemhudumia katika kliniki ya kisukari ya mji mmoja wa mwambao. Jina lake, mji, kazi aliyostaafu na mwaka wa safari tumeviondoa. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe, tena alihimiza kitoke kabla ya msimu mwingine wa Hija. Humu tutamwita Mzee S.

Usuli

Mzee S. alikuwa na miaka 60 na ushei, na kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 12. Maisha yake yote ya utu uzima alivaa makubadhi. Mguu wake wa kulia ulikuwa na mfupa uliotokeza ubavuni mwa kidole gumba, na kidole chenyewe kimelalia cha pili. Chini ya shina la kidole hicho palikuwa na sugu nene. Miaka miwili nyuma sugu hiyo ilichimbika ikawa kidonda, na kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Nyayo zote mbili ni bapa.

Alitufikia wiki 10 kabla ya safari, yeye na mkewe, ambaye naye alikuwa anakwenda Hija. Mkononi alishika mfuko wenye raba mpya nyeupe alizotumiwa na mwanawe anayefanya kazi Maskati. Baada ya shikamoo na marahaba akaziweka mezani.

"Mwanangu, niambie tu kama hizi zinafaa, nikaziweke kwenye begi."

Alikuja na swali hilo moja. Tulimwomba atupe nafasi ya kulijibu baadaye, tukamtaka avue makubadhi apande kitandani.

Kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10 tulimgusa sehemu 10 za kila mguu, naye amefumba macho. Kulia alihisi sehemu 3, kushoto 5. Mtetemo wa uma wa chuma kwenye kidole gumba hakuusikia upande wowote. Habari njema ilikuwa damu: mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo yalipiga vizuri pande zote mbili. Hata hivyo, mtu aliyepoteza hisia ya kumlinda na aliyewahi kupata kidonda huwekwa daraja la 3 katika mgawanyo wa kimataifa wa hatari ya mguu wa kisukari. Mgawanyo huo huanzia 0, na 3 ndiyo ya juu kabisa.

Mkewe alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo tumelisikia kwa familia nyingi: "Mimi nilidhani amepona. Zamani alikuwa analalamika nyayo zinawaka moto usiku kucha. Siku hizi kimya."

Kimya hicho ndicho cha kuogopa. Mguu unaowaka bado una mishipa ya fahamu inayopiga kelele. Ukinyamaza huku sukari haijatengemaa, mara nyingi mishipa hiyo imezidi kufa.

Tulianza na ratiba

Kabla ya kuzigusa raba tulimtaka Mzee S. atuhadithie safari yake siku kwa siku, kama alivyofundishwa kwenye darasa la mahujaji. Sisi tuliandika.

Kundi lake lingeshukia Madina na kukaa siku kadhaa bila ihramu, yaani hali ya ibada na mavazi yake maalumu. Kisha wangehirimia umra huko na kwenda Makka kwa basi. Umra ni tawafu, yaani kuizunguka Kaaba mizunguko 7, halafu sa'yi, yaani kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa mara 7. Kila mwendo mmoja wa sa'yi ni kama mita 450, kwa hiyo sa'yi peke yake ni zaidi ya kilomita 3 kwenye sakafu ya mawe. Mwezi 8 Mfunguo Tatu, yaani siku ya 8 ya Dhulhija, wanahirimia tena kwenda Mina, mwezi 9 Arafa, usiku Muzdalifa, mwezi 10 asubuhi kurejea Mina kurusha mawe. Akishanyoa siku hiyo anavua ihramu na kuvaa nguo zake. Baada ya hapo kuna tawafu ya ifadha na sa'yi nyingine, siku za mawe zinaendelea, na mwisho tawafu ya kuaga.

Juu ya yote hayo kuna joto. Hija hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, na safari ya Mzee S. iliangukia bado kwenye kiangazi cha Hijazi. Tarehe 17 Juni 2024 kipimo katika Msikiti Mtukufu wa Makka kilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki msimu ule.

Karatasi ilipojaa, saa za safari ziligawanyika mafungu matatu. Kuna saa za ihramu, ambazo mwanamume haruhusiwi kuvaa kiatu kinachofunika mguu wala soksi. Kuna saa za nguo za kawaida, ambazo anaweza kuvaa chochote. Na kuna saa za miguu mitupu: msikitini, udhuni, chooni, kulala nje Muzdalifa. Mafungu mawili ya kwanza tuliyashughulikia kwa bidii. La tatu tuliliandalia mfuko wa kitambaa wa kubebea viatu shingoni, na nasaha, na hapo ndipo palipovuja.

Maamuzi na sababu zake

*Raba kutoka Maskati.* Zilikuwa za bei, na baba alizipenda kwa sababu mwanawe ndiye aliyezituma. Tulimwomba arudi jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri mchana unavyokwenda, na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana magharibi. Akasimama juu ya karatasi ngumu, uzito wote chini, tukachora kila mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Tukakata michoro kwa mkasi na kuiingiza ndani ya raba. Wa kulia ulijikunja ubavuni, upande uleule wa mfupa uliotokeza. Mzee aliitoa karatasi mwenyewe na kulitazama kunjo lile muda mrefu. Hakutaka tena maelezo.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Soli ilikuwa sponji laini mno. Dukani ulaini huo humpendeza mnunuzi, lakini mguu bapa wenye uzito huizamisha kwa upande wa ndani, na baada ya kilomita kadhaa kifundo kinalala. Tulizishika raba kisigino na ncha tukazisokota, zikajizungusha kama kitambaa. Kiatu cha mwendo mrefu kinatakiwa kukataa kusokotwa, kupinda pale vidole vinapopinda na si katikati, na kuwa na kisigino kigumu kwa nyuma ambacho ukikibana kwa vidole hakibonyei.

Mwanawe aliumia kidogo aliposikia. Mzee alimpigia simu mbele yetu: "Baba, hujakosea. Umenunua kwa namba, na mguu wangu si namba tu." Raba zikaenda kwa mdogo wake Mzee.

*Kutafuta nyingine.* Kwanza walikwenda mitumbani, kwa kuwa huko ndiko hupatikana raba pana za viwanda vizuri kwa bei ya kuvumilika. Walileta jozi moja nzuri sana kwa nje. Tulipoiweka mezani na kuitazama kwa nyuma, ya kulia ilikuwa imelalia ndani: mwenye nayo wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na soli ilikwisha kuukariri. Kwa mtu mwenye hisia kamili tungevumilia. Kwa mguu wenye ganzi tulikataa, kwa sababu ungefuata mwendo wa mtu mwingine bila kunung'unika. Mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam alipewa michoro ya karatasi na maelekezo manne: karatasi ilale bila kukunjika, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, soli ya ndani iweze kutolewa, na kifungo kiwe mkanda wa kunata badala ya kamba.

Mkanda wa kunata tuliutaka kwa sababu ya udhu. Mtu anayevua viatu mara 5 kwa siku akichoshwa na kamba huanza kukanyaga kisigino cha raba na kuigeuza kandambili, na raba iliyokanyagwa kisigino haishiki tena mguu. Tumewaona wengi hivyo kwenye vibaraza vya misikiti yetu.

Fundi wa viungo bandia wa hospitali alitengeneza soli ya ndani ya tabaka tatu za sponji, ngumu chini na laini juu, akaichimba kidogo chini ya ile sugu ili uzito usambae pembeni. Sugu yenyewe ilipunguzwa kwa wembe wa kliniki mara mbili kabla ya safari. Nyumbani tulimkataza kabisa kugusa wembe.

*Viatu vya ihramu.* Hapa tulihitaji elimu ambayo si yetu. Mzee alikuwa amesikia mtaani kwamba kiatu cha ihramu kisiwe na uzi hata mmoja wa mshono, na kwa sababu hiyo alikuwa amekwisha kununua kandambili za mpira. Kandambili kwa mguu huu ni hatari mara mbili: kishikizo kinakata kati ya vidole, na mguu usio na hisia huzipoteza njiani bila mwenyewe kujua.

Tulikwenda naye kwa shekhe wa kundi lao. Alimsikiliza kwa upole mkubwa. Alisema makatazo ya mshono yanahusu vazi lililoshonwa kwa umbo la mwili, na uzi kwenye ukanda wa kubadhi hauna ubaya. La kuangalia ni mguu usifunikwe: vidole na kisigino vionekane. Kisha akaongeza jambo lililotutua mzigo. Likimpata jeraha akalazimika kufunika mguu ndani ya ihramu, avae, na atoe fidya: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mbuzi. Mzee S. aliliandika kwenye daftari lake. Tangu siku ile hatukumsikia tena akisema atavumilia tu.

Fundi viatu wa mjini, ambaye baba yake pia alishona makubadhi, ndiye aliyefanya kazi iliyobaki. Alitoa kishikizo cha kidole, akaweka kanda mbili pana mbele na mmoja mwembamba nyuma ya kisigino, zote za kukaza na kulegeza, akatia ngozi laini kwa ndani hasa pale penye mfupa. Soli alitumia mpira wa sponji ngumu, wa namna inayotumika kwenye karakana za viatu vya watu waliougua ukoma. Watu wale nao hupoteza hisia za nyayo, na maarifa ya kuwalinda yamekuwepo kwa miaka mingi kabla hatujaanza kuyatafuta kwa ajili ya kisukari. Alishona jozi mbili: moja ya njiani, nyingine ya soli nyembamba iliyo safi, ya kuvaliwa ndani ya msikiti tu.

*Mazoezi.* Wiki 6, kuanzia dakika 15 hadi saa moja na nusu, siku moja raba, siku moja makubadhi mapya. Kila akirudi mkewe alitazama nyayo, kati ya vidole na ule mfupa. Wekundu usiotoka ndani ya nusu saa tulikubaliana uitwe onyo. Ulitokea mara moja, chini ya ukanda wa mbele wa kubadhi la kulia, na fundi akaulegeza. Afadhali ulitokea nyumbani.

*Alilolikataa.* Tulimshauri akodi kiti cha magurudumu kwa tawafu na sa'yi. Hakutaka. "Nimeweka akiba miaka 20 nitembee pale kwa miguu yangu." Hatukumshurutisha. Tuliona haki yake ni kuandaliwa vizuri kwa alichochagua.

Yaliyotokea

Madina ilikwenda salama. Miguu ilivimba baada ya ndege, akalegeza mikanda, siku ya pili ikarudi. Kabla ya kuvaa aliingiza mkono ndani ya kila kiatu kupapasa, na siku moja alitoa kijiwe ambacho mguu usingemwambia habari zake.

Umra waliifanya usiku, baada ya isha. Aliingia na makubadhi ya ndani, lakini kwenye mzunguko wa kwanza mahujaji wawili walimkemea kwa kuvaa viatu mahali patukufu. Hakuwa na lugha ya kuwaeleza. Alivua, akazunguka peku na kumaliza sa'yi peku. Nyayo ziliamka nyekundu kidogo, bila lengelenge. Ila tangu hapo hakuyavaa tena ndani: aliona haya.

Mina, mpango wetu wa kukagua miguu ulivunjika usiku wa kwanza. Mahema ya wanaume na wanawake ni mbali mbali. Mkewe, tuliyemfundisha wiki 6, alikuwa hema jingine, na kioo cha mkono kilikuwa kwenye mkoba wake. Hatukuwa tumeliwaza hilo hata mara moja.

Usiku wa Muzdalifa walilala kwenye mikeka. Alfajiri ya mwezi 10 basi halikuonekana, na baada ya kungoja, kundi likaamua kutembea hadi Jamarati, mahali pa kurushia mawe. Katika msongamano ule walitumia zaidi ya saa mbili. Miguu ilivimba ndani ya kanda, na Mzee hakuwaza kuzilegeza kwa kuwa hakuhisi kubanwa. Alirusha mawe, akanyoa, akabadili nguo, akavaa soksi nyeupe na raba.

Soksi nyeupe tulimpa sisi, kwa sababu nyeupe haifichi. Jioni ile kijana wa hema lake aliona doa la majimaji yenye damu ubavuni mwa soksi ya kulia. Lengelenge juu ya mfupa lilikuwa limepasuka. Kijana akamwita daktari wa kundi, likasafishwa na kufungwa, na ubavu wa raba haukuligusa kwa kuwa pembeni palikuwa na nafasi.

Mwezi 11 walikwenda Makka kwa tawafu ya ifadha. Mfuko wa kitambaa ulikuwa shingoni na raba zimo ndani, kama tulivyokubaliana. Kwenye sa'yi mfuko ukawa unampiga kifuani, na mwenzake akasema kwa wema kabisa: "Lete nikubebee, mzee wangu." Akampa. Wakapotezana kwenye mwendo wa tano au wa sita.

Alimaliza. Akachukua udhu kwa ajili ya adhuhuri, soksi zikalowa, akazivua. Akasali. Akatoka mlango asioujua, saa saba mchana, peku.

Marumaru nyeupe ya mataf, uwanja wa kutufia kuizunguka Kaaba, na ya nyua za msikiti ule hutoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki. Ina sifa ya kurudisha mwanga wa jua na kubaki baridi hata mchana wa kiangazi. Mzee S. alikwisha kuizoea kwa siku nyingi. Mguu wake ulikuwa umeupa moyo taarifa kwamba ardhi ya Makka haichomi. Alipoivuka marumaru akaingia kwenye lami, hakuna kilichombadilikia chini ya nyayo. Alitembea, kwa makadirio yake, hatua 300 hivi akitafuta basi la kundi. Lami iliyopigwa na jua la namna ile huweza kupita nyuzi 60, na ngozi kwenye joto hilo huungua kwa sekunde chache. Muuza kandambili wa njiani ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha chini. Akanunua jozi, akaivaa na kuendelea na safari.

Malengelenge yalijitokeza usiku: makubwa mawili chini ya unyayo wa kushoto, dogo moja kisiginoni kulia. Ndiyo kusema mguu ulioungua zaidi ni ule tuliouona afadhali kwa hisia.

Matokeo

Daktari wa kundi alifanya kila lililostahili. Malengelenge hakuyapasua. Alisafisha, akafunga kwa bandeji isiyogandama, akamkataza kukanyaga. Siku iliyobaki ya mawe mtu mwingine alimrushia, jambo linaloruhusiwa kwa asiyejiweza, na tawafu ya kuaga alifanya kwenye kiti cha magurudumu. Alituambia alilia kwenye kiti kile, na kwamba hakulia kwa huzuni.

Alirudi nyumbani na ungulio la daraja la pili kushoto. Jeraha la mfupa wa kulia lilifunga wiki ya 2. La moto lilichukua wiki 6, akija kufungwa kila siku ya tatu, akitembea kwa magongo, na sukari ikisimamiwa kwa insulini kwa muda. Halikuingia wadudu. Hakupoteza kidole.

Uchambuzi

Viatu vilifanya kazi yake. Katika safari nzima hakuna jeraha lililotokea ndani ya raba zile, na sugu iliyokuwa kidonda miaka miwili nyuma ilirudi kama ilivyokwenda. Karatasi ya mchoro, mkanda wa kunata, soli ya ndani iliyochimbwa na wiki 6 za mazoezi vilistahili muda wote tuliovipa. Makubadhi ya ihramu nayo tunayahesabia mafanikio, kwa kasoro moja ambayo ni yetu. Tulimfundisha kulegeza kanda akihisi zimebana. Kumwambia mtu mwenye ganzi asubiri kuhisi ni kosa la mwalimu. Sasa tunawaambia walegeze kwa saa: kila mkisimama kusali, legeza, kaza upya.

Kumpeleka kwa shekhe kulikuwa uamuzi bora kuliko tulivyojua siku ile. Hujaji akiamini kiatu kinaharibu Hija yake, hakuna ushauri wa kliniki utakaomwingia. Hata hivyo tulilipeleka swali nusu. Tuliuliza kuhusu ihramu tukaacha kuuliza kuhusu viatu safi ndani ya msikiti. Shekhe yuleyule alitwambia baadaye kwamba kusali na viatu visivyo na najisi kuna asili katika Sunna, na angemwandalia maneno machache ya Kiarabu ya kujieleza. Maneno hayo yangetosha kumwondolea haya. Mzee S. alivua viatu kwa kuona haya, na haya nayo ni hali ya safari ya kuandaliwa mapema, sawa na joto.

Mkaguzi wa miguu alikuwa mmoja, tena mke. Nyumbani hilo ni sawa. Mina haliwezekani, na yeyote aliyewahi kuhiji angetuambia tungemuuliza. Kilichomwokoa ni soksi nyeupe na kijana mwenye macho mazuri, wala si mpango wetu.

Kuhusu mfuko, wenzangu wengine kliniki wanasema kosa ni la Mzee aliyeutoa. Sikubaliani. Tulimpa kitu cha kuning'inia shingoni kwa mtu atakayetembea zaidi ya kilomita 3 akiinamisha kichwa kwa dua, na hatukukijaribu hata siku moja. Raba alizifanyia mazoezi wiki 6, mfuko hakuufanyia hata dakika 10. Fundi viatu yuleyule sasa hushona mfuko wa kufungwa mgongoni kwa mikanda miwili, wenye chumba cha kandambili za akiba, na mgonjwa huubeba tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Tena tulilitazama joto kama suala la jua na maji ya kunywa. Hatukumweleza kwamba ardhi hubadilika ghafla, kwamba marumaru ile ni ya aina yake na mpaka wake una mwisho. Mwenye hisia hugundua kwa hatua moja. Asiye nazo anahitaji sheria ya macho: ukiona rangi ya chini imebadilika, simama, inama, gusa kwa kiganja. Mkono wa Mzee S. ulikuwa bado unahisi vizuri.

Fomu yetu ya wasafiri ilikuwa na mstari mmoja: "Viatu atakavyovaa." Tumeongeza wa pili chini yake: "Mahali atakapovua, na nani atakuwa naye hapo." Tunaujaza kwa wanaokwenda Hija na umra, na kwa wanaokwenda kuzuru watoto nchi za baridi, ambako watu huvua viatu mlangoni na miguu huunguzwa na vyuma vya kupasha nyumba joto. Mzee S. huja Jumatano moja kila mwezi kutazamwa. Akimkuta kwenye benchi mgonjwa mwenye mfuko wa raba mpya, humwomba kwanza avue alichokivaa, kisha humtaka mkewe au mwanawe alete karatasi na kalamu.